Kuficha jina hakumfichi mzazi

Swali

Shikamoo mama. Naishi Makorora, Tanga, na kazi yangu ni kusindikiza wajawazito. Nakaa nao wiki za mwisho, nakwenda nao hospitali, naingia leba pale wanaponiruhusu, na nawaangalia mpaka arobaini. Mimi si muuguzi. Nilipata mafunzo mafupi ya kazi hii. Mwaka jana nilianza kuandika visa vya uzazi ninavyovishuhudia, nikawatumia wanawake kwenye simu, nao wakatumiana mpaka Muheza na Pangani. Majina nabadilisha siku zote. Sasa mzazi wangu mmoja amenuna, hapokei simu. Naambiwa mama mkwe wake alikisoma kisa akajua ni wao, na mimi sikumtaja mtu. Je, niache kuandika? Na kama nisiache, niandike nini, maana visa ndivyo watu wanavyovipenda?

Jibu

Marahaba mwanangu. Kuandika usiache. Kinachotakiwa kuachwa ni visa vya wazazi wako, kwa namna unavyoviandika sasa, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Kisa ulichonitumia pamoja na swali lako sikichapishi hapa. Nikikichapisha nitakuwa nimemwanika yule mama mara ya pili, na safari hii kwa watu wengi zaidi. Nimetunga kingine chenye umbo kama la chako, hakuna mtu wa kweli ndani yake:

"Bi Z., mke mdogo wa fundi majahazi wa Sahare, alishikwa na uchungu usiku wa kuamkia Idi. Tulifika hospitali alfajiri. Daktari akasema pacha wa kwanza amekaa vibaya, mama apasuliwe. Mama mkwe akagoma mpaka saa nne asubuhi. Bi Z. alilia sana, nikamshika mkono. Sasa wote watatu ni wazima, alhamdulillahi."

Jina halimo. Lakini Sahare ina mafundi majahazi wangapi? Kati yao wenye mke mdogo ni wangapi? Aliyepata pacha sikukuu ya Idi je? Kila neno likisimama peke yake halisemi kitu, yakikaa pamoja yamekwisha kumtaja mtu, ukoo wake na mlango wake. Tanga hii watu wanajuana kwa madrasa waliyosoma na kwa barabara ya Ngamiani waliyokulia. Msomaji wako wa kwanza ni jirani, tena jirani mwenye nafasi ya kusoma mpaka mwisho.

Halafu tazama ulichokitoa nje. Umesema mama alilia. Umesema mama mkwe alikataa upasuaji. Huyo mama mkwe sasa anatazamwa mtaani kama mtu aliyetaka kuua, na Bi Z. ndiye anayelala naye nyumba moja, anayekandwa naye kila asubuhi, anayepikiwa naye uji. Wewe umekwenda zako. Gharama ya kisa imelipwa na mzazi.

Wazee wetu wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha anaitwa kwa sababu watu wana hakika kwamba alichokiona kitaishia pale pale, na siku moja tu akionekana anasimulia, hataitwa tena. Wewe unaona mambo ya sitara ile ile, ila huyu wako yu hai, na wiki ijayo mtakutana Mgandini sokoni akiwa na mwenzake anayejua kila kitu.

Wala si adabu ya pwani peke yake. Marekani, ambako wasindikizaji wa kulipwa wanaitwa madula na wana chama chao, DONA, tangu 1992, kanuni zao za maadili zinamtaka msindikizaji atunze siri za mteja. Na hapa kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo haitazami jina tu. Inatazama habari yoyote inayoweza kumtambulisha mtu. Habari za afya zimo katika taarifa nyeti, ambazo kuzitumia kunahitaji idhini ya mwenyewe, tena ya maandishi. Kubadilisha Zainabu ukamwita Bi Z. hakukutoi humo.

Sasa unaniuliza utaandika nini. Mwanangu, ulichonacho ni kingi kuliko visa. Daktari anajua upasuaji, mkunga anajua njia imefunguka kiasi gani. Kuna mambo ambayo wote wawili hawayaoni kwa sababu yanatokea kabla mama hajafika getini, au yanatokea kwenye benchi la nje wanakokaa ndugu. Hayo unayajua wewe. Tukirudi kwa Bi Z. wetu wa kutunga, mimi ningeandika hivi:

"Saa nyingine daktari anasema mama apasuliwe, na jibu linachelewa. Mama mwenyewe hana neno. Ni kwamba waliokaa nje hawajawahi kuambiwa kuwa siku kama hii inaweza kufika, basi wanaingiwa na hofu, na mwenye hofu hukataa. Waambieni mapema, mimba ikiwa ya miezi saba. Akae mume, mama mkwe na mama mzazi, na mjamzito mwenyewe awe katikati yao, mwulizane: ikihitajika upasuaji saa nane za usiku, nani apigiwe simu kwanza? Isipopatikana je? Nauli na akiba iko kwa nani? Na kila mtu ajue kwamba mgonjwa akiwa mtu mzima mwenye fahamu zake, wa kukubali au kukataa ni yeye."

Fundi katoka, Idi imetoka, pacha wametoka, machozi yametoka. Mama mkwe yumo bado, ila safari hii anaheshimiwa na anapewa kazi ya kufanya. Anaweza hata kusomewa kwa sauti na mkwewe bila mtu kuinamisha kichwa. Hicho ndicho kipimo ninachokupa kwa kila utakachoandika: kisomeke mbele ya mama mkwe. Nasema hivyo kwa sababu msomaji wako mjamzito mara nyingi si mwenye uamuzi. Simu inazunguka sebuleni, inafika kwa mume, inafika kwa wifi, na hao ndio wenye pesa ya bajaji.

Bajaji yenyewe ni makala nzima. Andika namna ya kupatana na dereva mapema, mtu anayelala jirani na asiyezima simu, badala ya kutoka barabarani saa nane usiku kubahatisha. Andika nani atabaki na watoto wakubwa. Andika mfuko unavyopangwa: kadi ya kliniki juu kabisa isitafutwe, kanga kuukuu zilizofuliwa zikalainika, maana mpya ni ngumu na hainyonyi maji, nguo za mtoto, na vile vitu ambavyo kliniki yake imemwambia aende navyo. Kwa wa mbali, wa vijiji vya Mkinga au Pangani, andika namba 115 ya m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, wazazi na watoto wachanga; kuipiga ni bure. Irudie kila mara, usiogope kuchosha.

Kisha andika kuhusu mikono yako. Huu ndio utaalamu wako na ninaona kama unaudharau. Mgongo unakandwa wapi uchungu unapokuja, kwa kiganja au kwa ngumi, na lini mama hataki kuguswa hata kidogo. Maneno gani yanamtuliza na yapi yanamkera ("jikaze" ni mojawapo, ningekuwa na uwezo ningelifungia nje ya mlango wa leba). Kumkumbusha kukojoa. Kumpa maji anywe kidogo kidogo ikiwa wahudumu hawajakataza. Kutembea naye ukumbini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 wa huduma wakati wa uchungu, linapendekeza kwamba mwanamke asiye na tatizo atembee na akae wima akitaka, ale na anywe, na awe na mtu aliyemchagua mwenyewe pembeni yake. Kwa hiyo unapoandika haya huandiki mambo ya kubuni.

Wodi nyingi zetu bado hazina nafasi. Kitanda kipo jirani na kitanda, pazia halitoshi, na mkunga akikuzuia mlangoni huenda anamsitiri mama mwingine aliye uchi. Liandike hilo pia, kwa uadilifu, ili mjamzito aulize siku ya kliniki kama msindikizaji anaruhusiwa na aingie kwa masharti gani. Asije akaligundua usiku ule ule.

Usijiuze kwa ahadi. Nimeona matangazo ya wasindikizaji, sisemi wako, yanayosema ukiwa nami hupasuliwi. Tathmini kubwa ya 2017 ilikusanya tafiti 26 zenye wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17. Iliona kwamba waliokaa na mtu wa kuwatuliza muda wote wa uchungu walijifungua kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo, na waliosema uzazi wao ulikuwa mbaya walikuwa wachache zaidi. Hiyo ni hesabu ya kundi. Kwa mama mmoja aliye mbele yako haikuahidi kitu, na yule atakayepasuliwa baada ya kulipia ahadi yako atajiona ameshindwa mtihani. Tena tafiti zile hazikuhesabu wa kulipwa tu. Walikuwemo ndugu na marafiki. Maana yake ukiandika vizuri utamfundisha dada wa mjamzito kufanya unachofanya wewe, bure. Ukiona hilo linakupunguzia wateja, hapo ndipo utakapojijua unaandika kwa ajili ya nani. Mimi nadhani litakuongezea.

Kuhusu mipaka ya elimu yako nitakuwa mkali kidogo. Usijiite mkunga mahali popote, hata kwa utani, hata mtu akikuita hivyo kwa heshima. Uuguzi na ukunga unaongozwa na sheria ya 2010 na kuna Baraza linalosajili. DONA niliyoitaja inawakataza watu wake kupima presha, kusikiliza moyo wa mtoto na kupima njia, na mwandishi afuate hivyo hivyo: usichokifanya kwa mikono usikifundishe kwa kalamu. Mfano, bado nakuta makala zinazosema kwamba kuanzia sentimita 4 njia lazima ifunguke sentimita 1 kila saa. Mwongozo ule wa 2018 unahesabu uchungu wenye nguvu kuanzia sentimita 5, na unasema kasi ile ya sentimita 1 kwa saa haiwafai wanawake wote. Mjamzito aliyesoma makala ya kale atalala pale akihesabu saa na kujitia hofu, na mkunga atabishana na simu. Muachie mkunga sentimita zake.

Ila dalili za hatari ni za kila mtu, na hizo zikae kwenye kila unachokituma: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, chupa kuvunjika kabla ya uchungu, mtoto kupunguza kucheza. Na baada ya kujifungua, damu inayolowanisha kanga moja baada ya nyingine. Usimwandikie afanye nini nyumbani. Mwandikie aende kituoni sasa hivi.

Utaulizwa dawa za kienyeji, tena kila siku. Uji wa pilipili manga wa mzazi sina ugomvi nao, nao ni mtamu. Dawa za kuharakisha uchungu ni habari nyingine: zinaweza kuukaza mfuko wa uzazi kupita kiasi, mtoto akakosa hewa na mfuko ukapasuka. Kanya, lakini usitaje mti wala namna ya kuuchemsha. Makala moja ya kukataza, ikitajwa na majani yake, wiki ya pili inazunguka ikiwa imekatwa kichwa na mkia, imebaki resipe.

Ukitaka kutumia takwimu, andika mwaka ndani ya sentensi yenyewe. Utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Waliojifungulia vituoni walikuwa asilimia 63 katika utafiti wa kwanza, wakafika 81 katika wa pili. Mwandishi anayenakili 556 leo, bila mwaka, anamtisha msichana mwenye mimba ya kwanza kwa hesabu ya siku zilizopita. Na anayesherehekea 104 asisahau kwamba 2022 karibu mmoja kati ya watano alikuwa bado hajifungulii kituoni. Baadhi yao ndio unaowaandikia.

Je, kuna wakati wa kuandika kisa cha kweli? Upo, mwenyewe akitaka. Lakini usimwombe ruhusa akiwa na mimba. Atahisi ndiyo bei ya huduma yako. Usimwombe leba, hilo wala halihitaji maelezo. Usimwombe kabla ya arobaini, wakati mwili haujarudi na watu wa nyumbani huenda hawajataka hata habari ya mtoto itembee, kwa kuogopa macho ya watu. Subiri. Nenda na maandishi, umsomee yote kwa sauti, kisha umwulize: nitoe nini? Sikiliza hapo. Mwanamke anayekushukuru atakwambia "sawa tu dada" hata kama moyo hautaki, kwa sababu ulimshika mkono usiku ule na anaona haya kukukatalia. Asipotoa hata neno moja, mimi nisingechapisha. Anayekubali kwa dhati huwa anarekebisha: hapana, haikuwa alfajiri, na lile la mume liondoe. Akisharekebisha, andikeni kwenye karatasi na atie sahihi, na ajue anaweza kukitaka kiondolewe siku yoyote. Kama kisa kinamgusa mume au mama mkwe, hao nao waulizwe. Mkunga wa zamu vile vile.

Kisa cha mtoto aliyefariki usikiandike wewe. Mama akitaka kukisema, mkae, aseme yeye, uandike maneno yake kama alivyoyatoa na yabaki kwake. Akitaka yasomwe na wengine, hilo ni lake, na linaweza kuchukua miaka.

Picha nazipitia haraka. Hakuna picha kutoka wodini, hata ya ukuta. Hakuna mtoto, hata kisigino, maana kitambaa cha jina kipo pale. Hakuna kadi ya kliniki. Na kanga, mwanangu! Unadhani umepiga picha ya mikono miwili tu, kumbe nyuma ipo kanga yenye maandishi yake, na nusu ya mtaa walikuwepo siku ikinunuliwa. Wala usiandike "natoka leba saa hizi, nimechoka". Jirani anayejua mjamzito gani anayekaribia hahitaji zaidi ya hapo.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa ule ujumbe wako mwingine, kama unaweza kuandika juu ya muuguzi aliyemfokea mzazi wako. Kufokewa ni vibaya na kusemwe. Kusemwe kwanza kwa msimamizi wa wodi, kisha kwa mganga mfawidhi, mzazi akiwa ameridhia lalamiko lipelekwe, maana ni lake. Ukianza na makala, wodi itajua ni zamu ya nani, nawe utafungiwa mlango, na wazazi wako watano wanaofuata wataingia peke yao. Unachoweza kuandika bila kumwonyesha mtu kidole ni mjamzito aseme nini anapofokewa, na msindikizaji asimame vipi pale bila kugeuza leba kuwa uwanja wa ugomvi. Hilo ningelisoma mimi mwenyewe.

Sasa yule aliyenuna. Kifute kisa leo, na uwaombe uliowatumia wakifute. Sema tu kwamba umekiondoa, usieleze sababu. Usitoe tangazo la kuomba radhi, litawafanya watu wakitafute. Usimtumie ujumbe, simu hiyo hiyo inasomwa na wengine. Nenda mwenyewe, mchana, umsalimie mama mkwe kwanza, umwombe radhi yeye kwa sababu yeye ndiye aliyesomwa vibaya, ndipo uingie kwa mzazi. Usijitetee kwamba hukutaja jina. Na kama arobaini haijaisha na hataki kukuona, mtafutie msindikizaji mwingine unayemwamini amalize zile siku, umlipe wewe.